Mwalimu wa Muhula Mmoja

Kisumu ni mji wa wajao na waendao. Reli iliyoanzia Mombasa ilipofika kwenye ufuko wa Ghuba ya Winam mnamo Desemba 1901, mahali hapo palianza kupokea makarani, mafundi, mabaharia wa meli za ziwani na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao wengi wao walikaa kwa kadiri ya haja zao kisha wakashika njia; na hata leo, asimamaye asubuhi katika soko la Kibuye huona ya kwamba sura nyingi anazokutana nazo ni za watu walio safarini. Mtoto wa Nyalenda, wa Manyatta au wa Obunga hulijua jambo hili kabla hajajua kusoma. Baba yake huenda alihamia Usenge kufuata samaki. Shangazi yake alirudi Kano, kisha mafuriko ya mto Nyando yakamleta tena mjini. Na mwaka 2020, ziwa lilipopanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, majirani wa ufukoni walifungasha vyombo vyao wakaondoka, wengine wasirejee. Kwa hiyo mwalimu wa muda aingiapo darasani, chaki mkononi na barua ya miezi mitatu mfukoni, asidhani kwamba anawaletea watoto hawa jambo geni. Wamekwisha kuagana na wengi kabla yake.

Nchini Kenya mwalimu wa namna hii ana majina kadhaa. Aliyeajiriwa na Bodi ya Usimamizi ya shule, chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, huitwa mwalimu wa BOM, na ijara yake aghalabu hutokana na michango ya wazazi au na kile ambacho mwalimu mkuu ameweza kukibana katika matumizi mengine. Aliyechukuliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu bila ya ajira ya kudumu huitwa mwanagenzi. Wapo pia vijana wa Chuo Kikuu cha Maseno wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha, ambao wanafunzi huwatambua kwa upya wa viatu vyao na kwa namna wanavyoitazama saa. Zamani mwalimu asiye na cheti aliitwa UT, na watu wazima wengi wa Nyanza, waliosoma baada ya ada kufutwa katika madarasa ya chini mwaka 1974, watoto wakafurika kuliko walimu, watakuambia kwamba herufi zao za kwanza walizipata kwa kijana wa UT aliyekuwa akingoja nafasi ya chuo. Kabla ya hapo tena, kuanzia 1961, palikuwa na vijana wa Marekani na Uingereza walioletwa Afrika Mashariki kufundisha katika shule za sekondari kwa mkataba wa miaka miwili. Sidhani kama nchi hii imepata kuwa na kizazi kilichosoma bila ya kupitia mikononi mwa mwalimu apitaye.

Habari za karibuni zinajulikana. Gredi ya 7 ilipofunguliwa katika shule za msingi mnamo Januari 2023, maelfu ya wanagenzi walipelekwa huko kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua ya kwamba kuwatumia walimu waliohitimu kwa jina la wanagenzi kulikwenda kinyume cha sheria. Mei walimu wakagoma, madarasa yakabaki bila wenyewe. Na ni mwanzoni mwa 2025 ndipo walimu 46,000 walipopewa ajira ya kudumu, na wanagenzi wengine wakachukuliwa nyuma yao. Nayataja haya kwa haraka, kwa kuwa magazeti yameyaeleza vya kutosha kwa upande wa mwalimu. Upande wa mtoto haukuandikwa sana, nao ndio niutakao.

Upande wa mtoto huanza na swali. Swali hili haliulizwi siku ya kwanza, wakati darasa zima limenyamaza likimpima mgeni kwa macho. Huulizwa katikati ya muhula, nje ya mlango, madaftari yakiwa yamekwisha kukusanywa, na huulizwa na mtoto ambaye hadi saa hiyo hakuwa ameonyesha dalili yoyote ya kumjali mwalimu wala somo lake. "Mwalimu, muhula ujao utarudi?" Wapo walimu wanaolisikia kama sifa, wakadhani wamependwa. Mimi naliona kuwa ni swali la mtu mwenye hadhari, kwa sababu muulizaji hakusudii kumtukuza mwalimu, bali anataka kujua ni kiasi gani cha nafsi yake akiweke amana kwa mtu huyu, na ni kiasi gani akizuie kwa ajili ya yule atakayekuja baadaye. Mtoto aliyebadilishiwa mwalimu wa hesabu mara tatu katika mwaka mmoja hujifunza kujibana. Hujibu aulizwapo, huandika aambiwapo, hasumbui. Na mwalimu mpya, kwa kutojua, huandika katika ripoti yake kwamba darasa lina nidhamu njema.

Katika haraka ya kuuvunja ukimya huo walimu wengi wa muda hushika njia ya mkato. Hugawa peremende, hukopa maneno ya vijana na kuyatumia kwa kuchelewa, husimulia mechi ya Gor Mahia tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, maana klabu hiyo iliyoundwa mwaka 1968 ni ufunguo wa mioyo mingi katika nchi ya Waluo, na mgeni hufurahi mno agunduapo kwamba ufunguo huo wakopeshwa bure, tena huwaambia watoto wamhesabu kuwa rafiki, si mwalimu. Sina ugomvi na mzaha, wala na kandanda. Lakini watoto wana insafu kali kuliko tudhanivyo: humcheka mchekeshaji kwa furaha muhula mzima, na siku ya mtihani, wakitazama swali la sehemu ambalo hakupata nafasi ya kulifundisha, humtaja kwa jina lake kamili. Na ubaya mwingine ni huu, kwamba urafiki wa peremende humwachia mzigo mwalimu wa kudumu, ambaye hana peremende, na ambaye sasa anaonekana mkavu na mkali kwa sababu tu ya kuwa alikuwako na ataendelea kuwako.

Njia ndefu huanza na orodha ya majina. Mgeni atokaye pwani, au atokaye milimani, hulifungua daftari la mahudhurio akadhani majina haya si kitu: Akinyi wa alfajiri, Achieng' wa jua kali, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua, Apiyo na Adongo waliokuja ulimwenguni siku moja. Kisha afikapo kwa Adhiambo darasa hutabasamu, kwa sababu ile "dh" ya Kijaluo siyo "dh" ya dhahabu. Hutamkwa ulimi ukigusa meno na pumzi ikazibwa, na mtu aliyelelewa Mvita au Unguja hana budi kujifunza kuitamka kama mtoto. Msichana mmoja hunyanyua mkono. "Si hivyo, mwalimu," na hulitamka jina lake polepole, kwa taadhima, kama amfundishaye mzee. Lipo jambo kubwa katika dakika hiyo. Mwalimu akiipokea, akajaribu mara ya pili na ya tatu mpaka darasa likubali, amewapa watoto haki ambayo Kiswahili chenyewe huwanyima kila siku. Maana Kijaluo hakina "sh" wala "z", na mtoto aliyesema "sule" na "sida" kwa ulimi wa mama yake amechekwa Nairobi, amechekwa redioni, na huenda amechekwa na mwalimu wa Kiswahili aliyetangulia. Sijaona bado mtoto aliyejifunza lugha kwa kufanyiwa izara. Nimeona wengi walionyamaza. Lakini mwalimu aliyekubali kurekebishwa jina na msichana wa dawati la tatu huwa amepata ruhusa ya kuirekebisha "shule" ya msichana huyo, na yote mawili hufanyika mbele ya darasa bila ya mtu kuvunjika uso.

Baada ya majina yako madaftari, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa naamini kwamba mwalimu wa muda hana chombo kingine kilicho sawa na hiki. Daftari la mtoto wa ufukoni hufunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji au kwa gazeti. Pembe zake hujikunja kwa unyevu. Na ukilifungua jioni chini ya taa, wakati mwingine huangusha chembe za mchanga au gamba moja la samaki lililokauka likawa kama ukucha. Katika shule moja isiyo mbali na Dunga nilikofundisha Kiswahili kwa muda, alikuwako msichana asiyetia neno darasani. Aliandika insha juu ya siku ya soko, insha fupi, yenye makosa ya upatanisho wa sarufi ambayo yangetosha kuujaza ukurasa kwa wino mwekundu, na ndani yake alisema kwamba mama yake hupima omena, wale dagaa wa ziwani, kwa kopo la gorogoro. Niliyasahihisha makosa yale niliyoona kuwa ataweza kuyabeba kwa juma lile, kisha chini nikaandika: "Gorogoro moja mwaliuza kwa bei gani?" Daftari liliporudi, chini ya swali langu palikuwa na jibu, kwa penseli, dogo, limebanwa pambizoni. Bei, aliandika, yategemea mvua. Mvua ikinyesha omena hawakauki juu ya nyavu, huharibika rangi, na wanunuzi wa chakula cha kuku ndio huja kuwachukua kwa bei yao wenyewe. Nikamwuliza tena, naye akajibu tena, na mazungumzo hayo yakaendelea pambizoni mwa daftari kwa muhula uliosalia, pasipo yeye kufungua kinywa darasani, mpaka yale majibu yakawa marefu kuliko insha. Sarufi yake ilinyooka humo, katika nafasi ambayo hakuna aliyemwambia kwamba anatahiniwa.

Jambo hili halikuhitaji miaka. Lilihitaji kusoma kile alichokiandika, nami nasema hivi kwa sababu ninajua jinsi madaftari yanavyosahihishwa panapokuwa na watoto sitini na kipindi kinachofuata kimekwisha kugongewa kengele: alama ya vema, sahihi, tarehe. Mtoto huijua alama iliyotiwa na mkono uliosoma, na huijua ile iliyotiwa na mkono uliopita. Mwalimu wa kudumu aweza kusamehewa alama ya pili, kwa kuwa atakuwa na siku nyingine za kusoma. Wa muda hana.

Ufupi wa muda una hila nyingine, nayo ni kwamba humwonyesha mwalimu kipande kimoja tu cha mwaka wa mtoto. Alikuwako mvulana katika shule hiyo hiyo aliyelala kipindi kizima cha asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo, kisha akaamka na kuwa mchangamfu kuliko wenzake kwa juma zima na zaidi, kisha akarudia kulala. Mmoja wa walimu alimwita mvivu. Mwingine alishuku malaria. Jawabu lilikuwa angani. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zieleazo juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za nguvu za jua, kwa kuwa samaki hao wadogo hufuata mwanga. Na mbalamwezi inapolimulika ziwa zima, taa hupoteza nguvu ya kuwaita, mitumbwi hupumzika, na mvulana aliyekuwa akimsaidia mjomba wake hulala usiku kama watu wengine. Isitoshe, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai serikali hufunga uvuvi wa omena ili wapate kuzaana. Basi mwalimu aliyekuja Mei akaondoka mwanzoni mwa Agosti angeandika juu ya mvulana huyu kwamba ni mwerevu na mwenye bidii. Aliyekuja Septemba angeandika kwamba ni mzembe. Na wote wawili wangekuwa wameandika juu ya kalenda ya samaki. Mwenyeji hujua haya bila ya kuuliza. Mwalimu apitaye sharti aulize, tena aulize mapema, na amwulize mtoto mwenyewe kwa faragha, si mbele ya kadamnasi. Na akiisha kujua, ana dhima ya kuyafikisha kwa mwalimu mkuu na kwa mzazi, maana kazi ya usiku ziwani haimfai mtoto na sheria ya nchi haimruhusu.

Nyanza ina desturi ya kuwakumbuka walimu wake kwa wingi wa miaka. Shule ya Maseno, iliyoasisiwa na wamisheni wa CMS mwaka 1906, imeshikamana na jina la Carey Francis, mtaalamu wa hisabati aliyeiacha kazi yake Cambridge akawa mwalimu mkuu hapo tangu 1928 hadi 1940, kisha akaiongoza shule ya Alliance hadi 1962. Jaramogi Oginga Odinga naye alifundisha Maseno kabla hajaingia katika biashara na siasa. Mbele ya majina ya namna hii kibarua wa muhula mmoja hujiona kama hayumo katika hesabu. Lakini mimi katika habari za Carey Francis hupenda zaidi sehemu ya mwisho, ambayo watu huipita upesi: alipostaafu Alliance, ambako alikuwa na jina, mamlaka na wanafunzi waliochaguliwa nchi nzima, alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida wa Nairobi, akafundisha kama mwalimu mmoja miongoni mwa walimu mpaka alipofariki mwaka 1966. Watoto wale hawakuwa na haja ya historia yake. Walikuwa na haja ya somo la siku ile, naye alikuwa na muda mchache.

Sasa nilirudie lile swali la mlangoni, ambalo kila mwalimu wa muda ataulizwa, apende asipende. Yako majibu mawili mepesi. La kwanza ni kusema, "Nitarudi, inshallah," kwa sauti ya kubembeleza, ilhali msemaji anajua kwamba barua yake haina tumaini la kuongezwa. La pili ni kukemea, kwamba mambo ya ajira si ya watoto. Majibu haya mawili hukutana mahali pamoja, kwa sababu yote humfundisha mtoto ya kuwa watu wazima hawatoi habari za kweli juu ya kuondoka kwao. Jibu la kweli ni kavu kidogo, nalo ni hili: barua yangu inakoma Agosti, sijui kama itaongezwa, hadi siku hiyo mimi ni mwalimu wako, na insha utakayoniletea Ijumaa nitaisoma. Mtoto huitikia kwa kichwa akaenda zake. Hakumbatii, halii, na mwalimu aliyetarajia machozi atahuzunika. Lakini juma lifuatalo huleta kazi ya zamani ambayo hakupata kuieleza kwa mtu, au huuliza jina la kitabu, au huomba afafanuliwe sehemu zilizomshinda tangu gredi ya nyuma. Kwa kuwa amejua mpaka wa akiba, na mwenye kujua mpaka hutumia kwa akili.

Aliyedanganywa hamlipizi yule aliyemdanganya, maana huyo amekwisha kwenda. Humlipiza ajaye. Mwalimu mpya huingia Septemba akakuta darasa lililofungwa kama duka la siku ya maombolezo, akahangaika, akajilaumu, asijue kwamba analipa deni la mtu ambaye hajapata kuonana naye. Kwa maoni yangu hii ndiyo dhima kubwa ya mwalimu wa muda, wala si kupendwa: kumwachia mwenzake darasa ambalo bado linaweza kumwamini mtu.

Dhima hiyo, hata hivyo, si yake peke yake, nami singependa kumtwika kibarua wa shilingi chache mzigo ambao wakubwa wake wameukwepa. Katika shule nyingi mwalimu wa BOM huondoka kwa kimya. Fedha zimekwisha, au mwalimu wa Tume ameletwa, naye huambiwa siku ya Ijumaa kwamba Jumatatu asije. Jumatatu watoto hukuta sura mpya mbele ya ubao, na madaftari yao yako katika kabati ambalo ufunguo wake haujulikani uliko. Anayefanya hivi hakosi sababu za kibajeti, na sababu hizo ni za kweli. Lakini watoto hawakutia sahihi katika bajeti ile.

Basi ninawaomba wajumbe wa bodi na walimu wakuu wa shule za ufukoni, za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, mambo ambayo gharama yake ni ndogo. Siku ya mwisho ya mwalimu wa muda na itangazwe mapema, kwake na kwa darasa. Apewe kipindi kimoja cha kufunga hesabu na wanafunzi wake, na madaftari yote yarudi mikononi mwao yakiwa yamesomwa. Aombwe kuandika, kwa ajili ya atakayempokea, ukurasa mmoja usio wa alama: nani hujibu kwa maandishi na si kwa kinywa, jina la nani hutamkwaje, nani hulala, na ni siku zipi za mwezi. Na mshahara wake wa mwezi wa mwisho alipwe kabla hajapanda matatu.